MGUU ULIOVUNJIKA KAZINI NI DENI LA NANI?

 

Ndugu katika imani, leo tunataka kuzungumza jambo ambalo halitajwi sana kwenye mimbari, ingawa linapita mlangoni mwa msikiti kila mara likichechemea. Tuseme kijana mmoja amechukuliwa na mfanyabiashara kubeba mbao kutoka porini mpaka barabarani. Mvua imenyesha, mlima unateleza, anaanguka na ubao unamwangukia gotini. Hakuna aliyemsukuma. Mfanyabiashara alikuwa nyumbani kwake. Hakumtukana, hakumpiga, na ujira wa safari alizokwisha kubeba amemlipa bila kupunguza hata franka moja. Wenzake wanamchukua kwa kipoyi hadi kituo cha afya. Mfupa umevunjika mahali pawili. Hatabeba tena kabla ya msimu ujao, na huenda asibebe tena kabisa. Nyumbani kuna mke na watoto wanne. Je, huyu mfanyabiashara anadaiwa kitu, au ameshamaliza?

Mtu anayeishi Buleusa, au Miriki, au Pinga, halioni hili kuwa swali la vitabuni. Huku kwetu kazi ni mgongo na mikono: kulima shamba la mwingine kwa chakula cha siku, kubeba mizigo, kupasua mbao, kuendesha moto kwenye njia ya matope, kushuka shimoni kutafuta mawe. Miaka ya vita imeongeza watu wasio na shamba lao, ambao hawana cha kuuza ila nguvu za mwili. Kwa hiyo mwili ukivunjika, duka lote limefungwa.

Tumesikia majibu matatu barazani, na yote matatu yanatoka vinywani mwa Waislamu.

Jibu la kwanza: hiyo ni kadari ya Mungu. Hakuna Muislamu anayekana kadari. Lakini tuangalie inavyotumiwa hapa. Mtu akifa, kifo chake ni kadari, na bado tunagawa mirathi yake kwa hesabu, na madeni yake yanalipwa kabla ya warithi kugusa kitu. Mtu akiua kwa bahati mbaya, mshale umemkwepa mnyama ukampata mtu, kifo hicho nacho ni kadari, na bado sheria inadai diya. Kadari haijawahi kufuta deni la mtu yeyote. Inatufundisha kusubiri juu ya lililotokea, haitufundishi kunyamaza juu ya linalofuata. Na ajabu ni kwamba anayesema maneno haya mara nyingi ni yule mwenye mbao. Ubao ukiibiwa haendi kusema ni kadari, anakwenda kwa shefu.

Jibu la pili: kijana alijua hatari, akakubali kwa hiari yake, na ujira alipewa. Hili lina nguvu kidogo, na ni lazima tulijibu kwa utaratibu. Ni kweli alijua mlima unateleza. Lakini je, katika bei ya safari moja kulikuwa na bei ya mguu? Hakuna aliyeitaja. Kama angesema, “Nitabeba kwa franka hizi, na nyingine juu yake kwa ajili ya siku nitakayoanguka,” angeambiwa apishe, wapo kumi wengine wanaongoja. Hiari ya mtu mwenye njaa ni hiari, hatuikatai, lakini ni hiari nyembamba, na haiwezi kubebeshwa kila kitu. Aliuza kazi ya siku. Mguu hakuuza.

Jibu la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linakuja na kitabu. Katika Bukhari na Muslim imo hadithi ya Abu Huraira (r.a.) ambayo maana yake ni kwamba madhara yanayotoka kwa mnyama, kisimani na mgodini hayana dhamana. Wenye mashimo wengine, wale tunaowaita PDG, wanaipenda sana hadithi hii kuliko nyingine zote. Udongo ukianguka wanasema: dini yenyewe imetuachilia.

Tusiikimbie hadithi. Wanazuoni waliieleza hivi: mtu akichimba kisima katika ardhi yake, au mgodi mahali anaporuhusiwa, na aliyekodiwa akashuka na udongo ukamwangukia bila mwenye mgodi kuvuka mpaka wala kuzembea, basi mwenye mgodi hadaiwi diya, kwa sababu hakuua. Hayo ni maneno ya haki: haifai kumwita mtu muuaji kwa sababu ardhi imeporomoka. Lakini fakihi huyo huyo, ukurasa wa pili, anakuambia kwamba aliyechimba kisima katikati ya njia ya watu bila ruhusa anadhamini atakayetumbukia. Kwa nini mmoja ameachiliwa na mwingine ameshikwa, na visima ni viwili sawa? Kwa sababu wa pili amevuka mpaka. Kwa hiyo hadithi inamlinda asiyekosea tu. PDG aliyeambiwa miti ya kuegemeza udongo imeoza na akasema itanunuliwa mwezi ujao, au aliyeamrisha watu kuingia asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, au aliyechimba kwa kina kisichoruhusiwa, huyo asijifunike kwa hadithi. Yeye yumo katika mlango wa uzembe, na mzembe anadhamini.

Hata hivyo bado tuna kijana wetu wa mbao. Mfanyabiashara wake hakuzembea. Mvua haikuwa yake. Hapo ndipo penye swali lenyewe: kama hakuna mkosaji, je, hakuna mdaiwa?

Ulaya ya viwanda ililikuta swali hilo hilo. Hapo zamani mfanyakazi aliyekatwa mkono na mashine ilimbidi athibitishe mbele ya hakimu kwamba patroni amekosea. Angethibitishaje? Mashahidi wake walikuwa wafanyakazi wa patroni huyo huyo, na wakili anataka pesa. Mara nyingi alishindwa, akarudi kwao na mkono mmoja. Ujerumani ikatunga sheria ya bima ya ajali mwaka 1884, Uingereza ikafuata mwaka 1897, Ufaransa 1898, na Ubelgiji, iliyokuja kututawala, 1903. Sheria hizo ziliacha kuuliza “nani amekosa?” zikauliza “kazi ilikuwa ya nani?” Gurudumu la mashine likivunjika, mwenye kiwanda analinunua upya na kulihesabu katika gharama za biashara. Basi na mkono unaovunjika katika biashara hiyo hiyo uhesabiwe vivyo hivyo. Kwa upande wake mfanyakazi naye aliachia kitu: hapati yote anayoweza kudai mahakamani, anapata kiasi kilichopangwa, lakini anakipata bila kesi.

Mtu asiseme hayo ni ya Wazungu. Mafakihi wetu wana kanuni ya kale kwamba faida na hasara hazitenganishwi: anayekula matunda ya kitu ndiye anayebeba mzigo wake. Kanuni hiyo iliingizwa hata katika Majalla, sheria ya Waturuki wa Uthmania iliyoandikwa kati ya 1869 na 1876. Kwa hiyo mfanyabiashara wa mbao anadaiwa si kwa sababu ni mkosaji. Anadaiwa kwa sababu mbao zilikuwa zinateremka mlimani kwenda kwenye faida yake. Hatumshtaki, tunamhesabia. Tofauti hii ni kubwa, na ingeeleweka vizuri ugomvi mwingi ungepungua, maana patroni akiambiwa “unadaiwa” anasikia “umeua,” na hapo anaanza kujitetea badala ya kutoa pesa ya dawa.

Sasa, mguu ni kiasi gani? Katika sheria ya diya, kwa mujibu wa barua ya Mtume (s.a.w.) iliyopelekwa Yemen kwa mkono wa Amr bin Hazm, nafsi ni ngamia 100, mguu mmoja ni nusu yake, kila kidole ni ngamia 10, jino ni ngamia 5. Tazama jambo moja hapa. Kidole cha tajiri na kidole cha mbeba mizigo ni ngamia 10 kwa 10. Hakuna anayeulizwa alikuwa analipwa ngapi. Sheria za leo zinapima kwa njia nyingine, zinaangalia mshahara. Kenya, kwa mfano, katika sheria yake ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha kazini, imeweka kwamba aliyeharibika kabisa asiweze kazi tena alipwe mapato ya miezi 96, na aliyeharibika sehemu alipwe kwa kadiri ya sehemu hiyo. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, na tangu 2015 waajiri wanachangia mfuko mmoja unaolipa. Huko kote anayelipwa kidogo kazini atalipwa kidogo kitandani.

Ipi ni ya haki zaidi? Tumelifikiria hili, na tunaona kwamba mizani hizi mbili zinapima vitu viwili. Diya inapima heshima ya kiungo ambacho Mungu ameumba, na heshima hiyo haina tajiri wala masikini. Mfuko unapima chakula ambacho hakitaingia tena nyumbani. Ni lazima chakula kihesabiwe, watoto hawali heshima. Lakini palipobaki hesabu ya mshahara peke yake, tunafika mahali pabaya: aliyenyonywa akiwa mzima ananyonywa mara ya pili akiwa kilema, na kilema chake kinahesabiwa kwa ujira ule ule uliokuwa mdogo tangu mwanzo. Kwa upande huo sheria ya ngamia, ingawa ni ya zamani, ilimwona mbeba mizigo vizuri zaidi.

Tuje nchini kwetu, kwa sababu wengi wanadhani Kongo haina sheria ya mambo haya. Inayo, na ni ya zamani kuliko uzee wa wengi waliokaa safu ya mbele. Sheria ya msingi ya ulinzi wa wafanyakazi ilitiwa sahihi tarehe 29 Juni 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, na ndiyo iliyoleta INSS ambayo wazee waliofanya kazi SOMINKI wanaikumbuka. Tarehe 15 Julai 2016 ikaja sheria mpya namba 16/009, na INSS ikageuka kuwa CNSS. Kila mwajiri, mkubwa au mdogo, anatakiwa kuandikisha watu wake huko. Michango ni ya namna tatu. Kwa ajili ya uzee mwajiri anatoa asilimia 5 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Kwa ajili ya familia mwajiri anatoa asilimia 6.5. Kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi mwajiri anatoa asilimia 1.5.

Angalia hiyo ya mwisho. Katika mchango wa ajali mfanyakazi hatoi hata senti. Ni wa mwajiri peke yake, kwa sababu ile ile tuliyoieleza ya faida na hasara. Kwa hiyo patroni anayekata mshahara akisema “hii ni ya ajali” anachukua kisicho chake. Na yule anayekata ile asilimia 5 ya uzee kisha hapeleki, huyo hajachelewesha mchango. Amekula amana, na hukumu ya amana kila aliyemo msikitini anaijua.

Aliyeandikishwa akiumia anastahili matibabu, malipo ya kila siku badala ya mshahara wakati hawezi kazi, pensheni akibaki na kilema cha kudumu, na akifa, mjane na mayatima wanapata pensheni pamoja na msaada wa mazishi. Ajali ya njiani, mtu akitoka nyumbani kwenda kazini au akirudi, inahesabiwa pia. Na haiangaliwi kama mfanyakazi mwenyewe alikosea, isipokuwa kama amejiumiza kwa kusudi.

Wako wanaolikataa hilo la mwisho. Wanasema mzembe asilipwe. Sisi tunasema anayesema hivyo hajawahi kubeba gunia la kilo 50 saa kumi jioni juu ya udongo mwekundu. Mtu aliyechoka mguu wake unakosea, jicho lake linakosea. Kosa la uchovu linatoka ndani ya kazi kama jasho linavyotoka ndani ya kazi. Anayenunua saa kumi na mbili za mtu kwa siku amenunua pia ile saa ya mwisho ambayo mtu huyo haoni vizuri.

Na je, asiye na karatasi? Hapa tusikilizane vizuri, kwa sababu ndiko walipo watu wetu karibu wote. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba kama hakuna kontra iliyoandikwa, mfanyakazi anaweza kuthibitisha kwa njia yoyote halali kwamba kulikuwa na kazi na masharti yake. Yaani mashahidi, yaani daftari la kapita, yaani ujumbe wa simu. Kontra ya mdomo ni kontra. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi wake. Mwajiri ambaye hakuandikisha mtu hajaondoka kwenye deni kwa sababu hiyo. Akiandikisha, mfuko unabeba pamoja naye. Asipoandikisha, anabeba peke yake. Kutokuandika hakujawahi kuwa ujanja katika dini yetu; tumeamrishwa kuandika madeni na kuweka mashahidi ili jambo kama hili lisitokee.

Lakini hatutawadanganya. Kati ya sheria ya Kinshasa na kipoyi cha Buleusa kuna milima mingi. Mkaguzi wa kazi haonekani huku. Hata walioandikishwa walipata taabu: Goma ilipotekwa na M23 Januari 2025, benki za mji zilifunga milango, na mtu aliyekuwa na haki yake kwenye karatasi alijikuta mbali na pesa yake. Mwezi Machi vita vikafika hata Walikale mjini.

Kisha kuna watu wa shimoni, ambao kwao swali linazidi kuwa gumu. Mchimbaji wa shimo dogo halipwi mshahara. Anagawana mawe: fungu la PDG, fungu la wachimbaji, fungu la hiki na kile. Kanuni ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtambua kama mtu anayejitegemea, mwenye kadi yake na koperative yake. Hana patroni kisheria. Basi akifukiwa, PDG anasema: huyu alikuwa mshirika wangu, si mfanyakazi; katika ushirika kila mmoja anabeba hasara yake, mimi nimepoteza pesa za miti na chakula, yeye amepoteza alichopoteza.

Maneno haya yanafanana na fiqhi ya mudharaba, ambapo mwenye mtaji anapoteza mtaji na mwenye kufanya kazi anapoteza taabu yake. Lakini yamefanana tu. Taabu ni kazi ya siku zilizopita bila faida. Taabu si uti wa mgongo. Aliyeingia ushirika aliweka nguvu zake, hakuweka mguu wake kama mtaji, kama vile mwenye pesa hakuweka nyumba yake na watoto wake. Ukitaka kuuita ushirika, basi ajali nayo iingizwe katika hesabu ya ushirika kabla ya kugawana: fungu moja la mawe litengwe kwa atakayeumia, kama fungu la chakula linavyotengwa. Na kama PDG hakubali, basi akiri kwamba hao ni watu wake na awabebe kama watu wake. Hawezi kuwa patroni siku ya kugawa mawe na mshirika siku ya kufukua maiti.

Tarehe 11 Septemba 2020 huko Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu na watu wapatao 50 walihofiwa kufa. Mwezi Juni 2019 karibu na Kolwezi wachimbaji wasiopungua 43 waliangukiwa na udongo katika mgodi wa kampuni kubwa. Kampuni ikasema hawakuwa wafanyakazi wake, waliingia bila ruhusa. Kisheria labda ni kweli. Lakini ona jinsi watu wengi wanavyoweza kufa wakiwa kazini na wasiwe wafanyakazi wa mtu yeyote. Mawe wanayotoa yana wenyewe njia nzima: wanaotoza kodi kwa bunduki kwenye kizuizi, wanunuzi wa mjini, wasafirishaji, viwanda vya mbali vinavyotengeneza simu hizi tunazozima kabla ya swala. Kila mmoja amechukua faida yake kidogo, na hakuna aliyechukua mzigo hata kidogo. Wale wa kizuizini hasa, wanaopokea kila wiki bila kushuka shimoni wala kununua mti mmoja, hatujui watajibu nini.

Basi tufanyeje sisi, wakati milima hiyo bado iko? Kuna mlango mmoja katika fiqhi ambao hatuufungui. Diya ya kuua kwa bahati mbaya hailipwi na muuaji peke yake. Inalipwa na aqila, yaani ukoo wake, kila mmoja kidogo kidogo. Sayyidna Umar (r.a.) alipoweka daftari la askari, ile diwani, wanazuoni wa Kihanafi walichukua kutoka hapo kwamba aqila ya askari ni wenzake walioandikwa naye katika daftari moja, hata kama si wa ukoo wake. Maana yake ni kwamba wanaofanya kazi pamoja wanaweza kuwa kama ukoo katika kubeba mzigo. Sasa hapa kwetu likilimba tunazo: za mama wa soko, za motari, za wapasuaji mbao. Zote ni za kupokezana pesa zamu kwa zamu. Ni jambo dogo kuongeza sanduku la ajali pembeni, kila mzigo au kila safari ikatwe kidogo, na mwenye mbao aweke sehemu iliyo kubwa kwa sababu faida yake ndiyo kubwa. Likiwekwa na watu wa makabila yote na dini zote, ni bora zaidi. Mlima hauulizi kabila.

Hapo tunasema neno moja kwa wenye mali wanaoswali nasi. Mtu akiumia, desturi yetu ni kupitisha kofia baada ya swala. Patroni naye anatia franka zake mbele za watu, na imamu anamwombea dua. Hilo lina kasoro. Sadaka ni yake yule asiyedaiwa. Anayedaiwa akitoa, hajatoa sadaka, amelipa sehemu ya deni, na iliyobaki bado iko shingoni mwake. Vivyo hivyo zaka: tukimlisha kijana wa mbao kwa zaka ya kijiji ili mwenye mbao asitoe kitu, aliyesaidiwa ni mwenye mbao. Na kuna jambo la moyoni pia. Anayepewa sadaka anainamisha kichwa na kusema asante kila wiki, na baada ya muda wanaompa wanaanza kumkwepa njiani. Anayelipwa haki yake hainamishi kichwa. Kijana aliyevunjika mguu ameshapoteza mguu. Kumfanya aombe ni kumpotezea na uso.

Upande wa wafanyakazi nao wana lao. Anayelala kitandani wiki mbili baada ya kupona, au anayeumia kwenye mpira akaenda kusema ameumia kazini, anakula fungu la yule ambaye kesho ataumia kweli. Sanduku dogo linakufa kwa uongo wa watu wawili tu.

Na siku ajali inapotokea, msiache mambo yapite. Mwambieni kapita au mwenye kazi mbele ya watu, siku ile ile. Waandikeni mashahidi majina yao, saa na mahali. Mgonjwa akifika kituo cha afya, daktari au muuguzi aombwe aandike kwamba ameumia kazini na jinsi alivyoumia, na karatasi hiyo ihifadhiwe nyumbani, isiachwe kwa patroni. Kama simu ipo, picha ipigwe. Patroni akileta pesa ya pole, ipokelewe kwa heshima, lakini mtu asitie dole gumba kwenye karatasi isemayo kwamba hadai tena, wakati bado yuko kwenye maumivu na hajui kama mguu utapona. Suluhu ni jambo jema katika Uislamu, ila suluhu ni ya watu wawili wanaojua wanachoachiana. Kama kuna ugumu wa kusoma karatasi, iletwe msikitini baada ya Alasiri, wapo walimu watakaoisoma kwa Kifaransa na kuieleza kwa Kiswahili, bila malipo, kwa Muislamu na asiye Muislamu.

Wenye kuajiri wabeba mbao na wenye mashimo wanaoswali hapa wanaombwa wabaki kidogo Ijumaa ijayo baada ya swala, pamoja na viongozi wa motari na wa likilimba, ili tukubaliane kila safari ikatwe franka ngapi, na daftari lishikwe na nani.

Wabillahi tawfiq.